Sinia Usawa wa Nyusi

Hanoi nilikaa siku sita, nne kati ya hizo sina la kusimulia: mvua, supu, usingizi. Dereva wa xích lô, ile baiskeli ya abiria, alinitoza dong laki tatu kwa mwendo ambao ningetembea dakika kumi. Nilifika nyumba ya wageni nimenuna, na godoro lenyewe jembamba kama mkeka.

Mwenye nyumba, mama wa makamo, akaniita tule. Nilimwona akimpa baba yake bakuli kwa mikono miwili. Nikamwambia, kupitia simu inayotafsiri, kwamba hata kwetu Tanga ndivyo tunavyofundishwa. Mzee akachangamka. "Cử án tề mi," akasema: kuinua meza ndogo ya chakula hadi usawa wa nyusi.

Msemo umetoka China, enzi za Han, ukaingia Vietnam pamoja na mafunzo ya Confucius. Msomi fukara Liang Hong, ambaye Wavietnam humwita Lương Hồng, alimwoa Meng Guang, mwanamke mnene, mweusi, mwenye nguvu za kunyanyua kinu cha mawe. Bibi harusi akajipamba. Mume akamnyamazia siku saba, mpaka alipovaa nguo za kazi. (Siku saba! Kwetu shangazi zake wangekuwa wameshafika.) Baadaye mume akawa kibarua wa kutwanga mpunga kwa tajiri. Kila akirudi, mke humwandalia chakula bila kumkazia macho, sinia kaliinua usawa wa nyusi. Tajiri akaona kibarua anayeheshimiwa hivyo si mtu hivi hivi, akawakaribisha waishi nyumbani kwake.

Nikaomba sinia nijaribu. Kifuani, sawa. Midomoni mikono ikaanza kutetemeka. Kwenye nyusi simwoni mzee, naye hanioni. Naona ubao tu. Kibakuli cha nước mắm kikateleza, ule mchuzi wa samaki ukanitiririka mtandioni hadi kwapani. Mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kufua walinidai elfu hamsini.

Usiku nikamkumbuka mama na sinia la baba. Kila mara alisimama kidogo mlangoni kabla ya kuingia barazani. Nami miaka yote nilidhani ni adabu. Asubuhi nikampigia.

"Lilikuwa zito lile," akasema. "Harufu imetoka?"