Nyanya ambazo wenyewe tulikuwa hatuli

Kwetu Ilula, kando ya barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Morogoro, nyanya ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Lakini kwa miaka mingi nyanya za mboga hatukuzitoa shambani. Mama mkwe alikuwa na tuta lake nyuma ya jiko, halijawahi kuona dawa, na sote tulikula hapo. Za shambani zilikuwa za tenga, za kwenda Dar es Salaam. Nami nilijua ninachofanya: lebo ya dawa ilisema ningoje siku saba, gari la tajiri likifika siku ya pili nachuma. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kisha akaingia kantangaze, nondo mdogo mharibifu wa nyanya. Alionekana nchini mwaka 2014, na hakukawia kutufikia. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, kwa hiyo dawa ya kugusa inapita juu yake. Tukawa tunapuliza kila siku ya nne, tunachanganya dawa mbili kwenye bomba moja, na bado nyanya zinatoka na matundu. Siku mume wangu aliporudi kupuliza akitapika, macho mekundu, nikasema basi.

Nilianza kulima bila dawa wala mbolea za dukani kwenye robo eka tu, na nikaanza vibaya. Niliweka chini chupa ya dukani nikashika ndoo ya mbegu za mwarobaini, zile za kuagiza Ruaha Mbuyuni, nikazitwanga na kuchanganya na sabuni ya mche. Mengine yote nikayaacha kama yalivyokuwa: nyanya juu ya nyanya kila msimu, mabaki ya mavuno yamelundikwa pembeni, na udongo uliozoea mbolea ya yurea sasa haupati kitu. Robo eka iliyokuwa ikinipa matenga 48 ikatoa 19.

Mama mkwe akaja kuangalia, akachukua udongo kiganjani. "Mwanangu, huyu umemnyima chakula, halafu unataka akubebee mzigo?"

Neno lake likanirudisha kwenye hesabu. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, chakula kinachokuza mmea. Mboji ya uzito huohuo, tena iliyo nzuri, ina kama kilo moja. Kwa hiyo viganja viwili kwenye shimo havisaidii. Inatakiwa milundo, na ianze miezi mitatu kabla ya kupandikiza. Nilipanga mabua ya mahindi, juu yake samadi ya ng'ombe, juu tena majani mabichi ya alizeti pori tunayoyakata barabarani, nikanyunyiza maji, nikarudia mpaka ikafika kifuani. Katikati nilichomeka kijiti kirefu. Ukikichomoa baada ya siku chache kikawa cha moto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji na ugeuze. Samadi mbichi usiipeleke moja kwa moja kwenye miche, inaunguza.

Kwa kantangaze, kilichomwangusha ni kumkatia chakula. Baada ya nyanya nikapanda maharage, kisha mahindi. Viazi mviringo na nyanya chungu sikugusa, maana navyo anavila. Mabaki yote nikayafunga kwenye mifuko ya nailoni na kuyaacha juani. Kilichoniuma ni kung'oa mnavu wa pembezoni, mboga ninayoipenda, kwa kuwa nao humlea. Mwarobaini bado ninautumia, ila sasa ni msaada, na hupulizwa jioni kwa sababu jua huua nguvu yake.

Matandazo ya nyasi nayo yalinishangaza: nyanya zilizokuwa zikioza kitako zilipungua sana, kwani unyevu wa udongo haupandi na kushuka tena.

Msimu wa tatu nikapata matenga 33, kisha msimu huu uliopita nikafika 41. Dalali ananipa bei ileile ya wenzangu. Alama ya Kilimohai, ya mazao yaliyolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani, ipo Afrika Mashariki tangu 2007, lakini tenga la sokoni halina alama, na kikundi chetu bado kinatafuta mnunuzi anayeijali. Faida yangu kwa sasa iko kwenye pesa ninayoiacha mfukoni badala ya duka la pembejeo.

Tuta la nyuma ya jiko mama mkwe amelipanda mchicha. Akitaka nyanya za mchuzi, anawatuma wajukuu shambani.