Uga mmoja, thamani tisa: lori la Tunduma ndani ya swali la utafutaji

Nasimamia logi (kumbukumbu zinazoandikwa na mashine) za kampuni moja ya malori yenye ofisi hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo naifanya kwa SPL, lugha ya utafutaji ya Splunk, programu ya kuhifadhi na kuchambua logi. Leo naandika kuhusu jambo lililonisumbua kuliko mengine yote katika lugha hiyo, yaani uga (sehemu ya rekodi yenye jina lake) unaobeba thamani nyingi kwa wakati mmoja.

Kifaa kilichofungwa kwenye kila lori hutuma mstari mmoja tu safari inapokwisha, na ndani yake mna nyuga tatu ninazozihitaji, kila moja ikiwa imejaa thamani zilizotenganishwa kwa nukta mkato. Huu ndio mfano wa nyuga mbili za kwanza:

vituo=Chalinze;Morogoro;Mikumi;Ruaha Mbuyuni;Iringa;Mafinga;Makambako;Uyole;Tunduma
saa=05:10;07:00;09:30;;14:20;15:55;17:40;21:30;23:50

Uga wa tatu, uzito, hubeba kilo zilizosomwa katika kila kituo. Anayejua lumbesa ya viazi inayotoka Uyole ataelewa haraka: kwa nje ni gunia moja, lakini ukilifungua hujui uanzie wapi. Mfumo nao huuona uga kama huo kuwa ni maandishi marefu tu hadi uuambie pa kukata, na kazi hiyo hufanywa na funksheni ya split au amri ya makemv. Baada ya kukatwa, mvindex(vituo, 0) hukupa Chalinze, kwa kuwa hesabu huanzia sifuri, na mvindex(vituo, -1) hukupa Tunduma, kwa kuwa namba hasi huhesabu kutoka mwisho. Ukitaka kipande cha kati, mvindex(vituo, 4, 6) hurudisha Iringa, Mafinga na Makambako, ile ya mwisho ikiwa imejumuishwa.

Hayo ni mepesi. Kosa langu la kwanza lilitokea pale msimamizi wa usafirishaji alipotaka jedwali lenye kila kituo na saa yake. Nilitumia amri ya mvexpand, ambayo hulichukua tukio moja, yaani rekodi moja ya logi, na kulifanya matukio mengi, kila moja likiwa na thamani moja. Nikaifungua vituo, kisha nikaifungua saa, nikampelekea jedwali bila kulitazama mara mbili. Asubuhi yake aliniita.

“Kijana wangu, huyu dereva ameoa Mafinga? Naona amefika pale mara nane kwa siku moja.”

“Hapana, mzee. Naomba nikaliangalie upya.”

Dereva hakuwa na kosa lolote. Mvexpand ya kwanza ilizaa matukio 9, na kila mojawapo lilibaki na orodha nzima ya saa. Ya pili ikaifungua orodha hiyo ndani ya kila tukio, hivyo kila kituo kikaoanishwa na kila saa iliyopo katika safari. Saa zilikuwa 8, kwa kuwa moja ilikosekana, na safari moja ikawa na mistari 72 ambayo ni 8 tu kati yake iliyostahili kuwapo.

Dawa yake ni kuzifunga thamani pamoja kabla ya kuzifungua. Funksheni ya mvzip huchukua thamani ya kwanza ya uga mmoja na kuiunganisha na ya kwanza ya uga mwingine, ya pili na ya pili, hadi mwisho. Kwa nyuga tatu, unaiweka moja ndani ya nyingine:

| eval jozi=mvzip(mvzip(vituo, saa, "|"), uzito, "|")
| fields - _raw
| mvexpand jozi
| eval kituo=mvindex(split(jozi, "|"), 0)

Nimechagua mstari wima kuwa kitenganishi kwa makusudi. Usipotaja chochote, mvzip hutumia mkato, na siku ambayo mtu ataandika “Iringa, Ipogolo” kama jina la kituo, mpangilio wote utavurugika. Kuhusu kuiondoa _raw, yaani maandishi ya asili ya tukio, kabla ya kufungua, sababu ni kwamba mvexpand hunakili tukio zima kwa kila thamani, na amri hiyo ina kikomo cha kumbukumbu, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 500. Ikikifikia, hukata matokeo na kukuachia onyo ambalo ni rahisi sana kulipuuza ukiwa na haraka.

Msomaji makini atakuwa ameiona ile nafasi tupu katika saa, kati ya Mikumi na Iringa, mahali ambapo kifaa hakikusoma kitu kule Ruaha Mbuyuni kabla gari halijaanza kuupanda Kitonga. Nafasi hiyo ndiyo iliyonipotezea siku mbili. Nilikuwa nimekata kwa makemv bila nyongeza yoyote, na makemv, isipoelezwa vinginevyo, huzitupa thamani tupu. Kwa hiyo orodha ya saa ilibaki na 8 huku ya vituo ikiwa na 9, na mvzip, ambayo haina macho ya kuujua Mlima Kitonga, ikampa Ruaha Mbuyuni saa ya Iringa, Iringa ikapewa saa ya Mafinga, na kadhalika hadi Tunduma, ambayo haikubakiwa na saa yoyote ya kuoanishwa nayo. Hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotokea. Jedwali lilipendeza na lilikuwa la uongo. Sasa naandika hivi kila mara, hata pale ninapoamini kwamba hakuna pengo:

| makemv delim=";" allowempty=true saa

Kisha nalinganisha mvcount(vituo) na mvcount(saa) kabla ya kuzifunga, na safari ambayo hesabu zake hazilingani naitenga kando.

Kuna malori ya zamani ambayo hutuma kila kituo kama tukio lake, na hapo inabidi uende kinyume, yaani uyakusanye matukio ya safari moja kwa amri ya stats. Nilianza na values(kituo), nikapata safari iliyotoka Chalinze, ikaenda Iringa, Mafinga, Makambako, kisha ikarudi Mikumi na Morogoro, ikafika Tunduma na kumalizia Uyole. Values huondoa marudio na kupanga kwa alfabeti. Njia ya gari haihusu. Kinachotunza mfuatano ni list(kituo), ingawa hiyo nayo kwa kawaida huishia kwenye thamani 100, na kwa kuwa matukio huja yaliyo mapya kwanza, ni lazima utangulize sort 0 _time, inayoyapanga kwa wakati, la sivyo safari itaanzia mpakani. Tabia hiyohiyo ya alfabeti imo katika mvsort, ambayo huweka 10 kabla ya 9, kwa hiyo kwenye uzito siigusi kabisa.

Kwa uchujaji, mvfilter(uzito > 56000) hubakiza vipimo vinavyozidi tani 56, ambazo ndizo kikomo cha juu cha uzito wa gari na mzigo wake katika barabara zetu. Lakini mvfilter hukubali uga mmoja tu, hivyo itakuambia kwamba gari lilizidi bila kukuambia lilizidia wapi. Hapo natumia mvmap, iliyopatikana kuanzia toleo la 8.0, ambayo hupita kwenye kila thamani na kuifanyia hesabu unayoitaka palepale ndani ya tukio:

| eval palipozidi=mvmap(jozi, if(tonumber(mvindex(split(jozi, "|"), 2)) > 56000, mvindex(split(jozi, "|"), 0), null()))

Mstari huo haupendezi machoni, nakiri, lakini safari hubaki tukio moja, na ndiyo maana siku hizi naufikiria kwanza kabla ya mvexpand.

Mtego wa mwisho niliuona mwezi uliopita. Msimamizi alitaka safari zote ambazo vituo vyake havikutimia 9, nami nikaandika where mvcount(vituo) < 9. Orodha ilitoka fupi kuliko alivyotarajia, akaniuliza kuhusu malori mawili ambayo alikuwa na hakika kwamba vifaa vyake vilikuwa vimezimwa njia nzima. Hayakuwamo. Uga usipokuwepo kabisa, mvcount hairudishi sifuri bali hairudishi chochote, na kitu kisichokuwepo hakiwezi kuwa pungufu ya 9, hivyo malori yaliyokuwa na hali mbaya kuliko yote ndiyo yaliyopita bila kuonekana. Nikabadilisha kwa coalesce, ambayo huweka sifuri pale pasipo na kitu, ikawa coalesce(mvcount(vituo), 0) < 9, na yote mawili yakatokea juu ya orodha.