Mzani haukuwa na kosa

Hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi niliyopewa, zilikuwa kurasa nne, na katika zote nne neno "wafugaji" lilitokea mara mbili tu. Nilizisomea barazani Ngamiani, mjini Tanga, barabara ya kumi na mbili, mbaazi zangu zikipoa kwenye sahani, na moyoni nikasema kazi nyepesi hii. Ushirika wa maziwa, njia ya kwenda Muheza (jina lake nalihifadhi), ulitaka mzani wa kidijitali, programu ya kutunza rekodi, na meseji kwa kila mwanachama akishapimiwa. Mimi nilianza kama fundi wa kompyuta; ushauri elekezi nimeuingia ukubwani. Niwekee mashine na watu chumba kimoja, macho yangu yataanza kwenye mashine.

Nikafunga mzani, nikaweka programu, nikamfundisha karani siku mbili. Kila kitu kikaenda. Mwezi wa pili mwenyekiti akanipigia: tanki la kupozea la lita elfu moja, lililokuwa likijaa kabla ya saa tatu asubuhi, sasa linaishia nusu. "Mfumo wako una kasoro, bwana mshauri."

Nikaenda na kompyuta yangu na mawe ya kupimia. Mzani ulikuwa sawasawa. Meseji zote zilikuwa zimekwenda. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na sijaona watu unaowakaa vizuri kama washauri. Nami ningeondoka siku ile ile, na ripoti ningeandika kwamba mitambo haina tatizo, ila mvua ilipiga na bodaboda wangu akagoma. Nikajikuta chini ya bati la kituo na bibi mmoja aliyekuja na dumu lake, mjukuu amelifunga nyuma ya baiskeli.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe mwenye mashine?"

"Ndiye mimi."

"Daftari zetu umezipeleka wapi?"

Zamani kila mwanachama alikuwa na daftari dogo, daftari la shule lililokatwa katikati. Karani akipima anaandika lita, anatia sahihi. Mimi niliona ni kazi ileile inaandikwa mara mbili, nikaliondoa siku ya kwanza, na kwenye ripoti nikalitaja kama mafanikio. Sikuwahi kuuliza likitoka kituoni linakwenda wapi. Lilikuwa likienda dukani. Mwenye duka akiona lita zako za wiki, anakukopesha pumba, sukari, na madaftari ya watoto mpaka siku ya malipo. "Sasa nimpelekee nini?" bibi akaniuliza. "Nimpelekee simu? Na simu yenyewe ni ya mzee."

Hilo la simu lilinikata maini. Kwenye programu tulikuwa tumeandikisha namba moja kwa kila nyumba, na nyumba nyingi namba ni ya baba. Kumbe kule kulikuwa na mapatano ambayo hayakuandikwa popote: ng'ombe wa baba, pesa ya maziwa ya mama. Meseji yangu ikawa inamsomea baba kila asubuhi kilichoingia. Wanawake wakaanza kuwauzia wachuuzi wa baiskeli, bei ndogo lakini taslimu, na bila kelele.

Kulikuwa na jingine. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo moja na gramu kama thelathini. Kwa hiyo aliyezoea kuandikiwa lita 10 akawa anaona 10.3 kwenye kioo, na ushirika ulikuwa unalipa kilo kwa bei ileile ya lita. Alikuwa anapata zaidi! Hakuna aliyemweleza. Bibi alikuwa na hesabu yake: "Mashine inayoongeza leo, kesho itapunguza." Sikuwa na jibu.

Haya si mageni. Mwaka 1951 Eric Trist na Ken Bamforth wa Taasisi ya Tavistock, London, waliandika juu ya migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Bamforth mwenyewe aliwahi kuwa mchimbaji. Zamani wachimbaji walikwenda kwa vikundi vidogo, wakichaguana wenyewe, kikundi kinamaliza kazi yake mwanzo mpaka mwisho. Zikaja mashine na mkanda wa kusafirishia makaa, kazi ikakatwa vipande kwa zamu tatu, kila mtu na kipande chake. Vifaa vilikuwa bora, lakini tija haikupanda ilivyotarajiwa na utoro ukazidi. Wao wakasema ufundi na watu ni mfumo mmoja. Nilisoma hayo darasani, nikafaulu mtihani, kisha nikaenda kwenye maziwa nikafanya kama mabosi wa mgodi. Siku hizi kwenye semina wanaita fikra jumuishi na wanachora miduara. Sina ugomvi na miduara, ila hakuna mduara ambao ungenionyesha duka lile.

Wala sisemi tungebaki na ukale. Zamani karani alijaza kopo mpaka limwagike, na yaliyoingia beseni hayakuandikwa kwa jina la mtu. Mzani ulimaliza hilo. Na wapo wanachama waliokuwa wakitia maji, laktomita, kile kipimo cha kugundua maji kwenye maziwa, haikuwaonea. Bibi mwenyewe hakutaka mzani uondoke.

Tulirudisha daftari, likae pamoja na mzani. Meseji ikawa kwa anayeitaka, kwenye namba anayoitaja yeye. Mwenyekiti alinuna: kamati imelipia teknolojia halafu mshauri anarudisha peni. Nilimwelewa. Asubuhi moja nilisimama mlangoni na karatasi, nikawaeleza watu wa foleni habari ya kilo na lita mpaka sauti ikakauka.

Mara ya mwisho nilipopita, bibi alikuwa dirishani kwa karani. Mzani umesoma 8.2, karani kaandika 8.2.

"Niandikie na lita pembeni," akasema.

"Bibi, mshauri alishaeleza."

"Mimi nilimwelewa. Mwenye duka hakuwepo."