Hiace ya Abiria Iliyogeuka Chumba: Mkeka Darini, Khanga Madirishani

Safari ya kwanza niliyofanya na Hiace yangu, baada ya kuigeuza kuwa gari la kulala, ilinilazimu kuianza kazi yote upya. Nilitoka Tanga asubuhi, nikafika Mombo bila tatizo, kisha nikaanza kupanda kuelekea Soni na Lushoto, njia ya kilomita zipatazo 33 ambayo kona zake hufuatana bila kumpa dereva nafasi ya kupumua. Kwenye kona za mwanzo tu droo ya sahani ilifunguka yenyewe. Muda mfupi baadaye rafu nyeupe niliyokuwa nimeipamba kwa vyungu vidogo vya maua ilimwaga udongo wote juu ya godoro. Nilipoegesha Soni na kufungua mlango wa pembeni, nilikuta taa za mapambo zimening'inia kama kamba ya kuanikia nguo, na ubao mweupe wa ukutani umeshika vumbi jekundu la njiani kila mahali ulipoguswa na mkono.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimelitengeneza gari kwa kufuata picha za mtandaoni, na picha hizo zote hupigwa gari likiwa limesimama. Hakuna anayepiga picha ya kabati likiwa kwenye tuta. Niliporudi Tanga nilibomoa karibu kila kitu, nikabakiza sakafu na fremu ya kitanda, na mara hii nikajiwekea sharti moja: pambo lolote lisiloweza kustahimili mtikisiko, jua na kufuliwa halipandi ndani ya gari hili. Ninayoyaeleza hapa ni matokeo ya awamu hiyo ya pili, ambayo hadi sasa imekwenda Pangani mara nyingi na Lushoto mara mbili, na haijadondosha hata kikombe.

Kabla ya mapambo nigusie kwa ufupi mambo ambayo hayaonekani. Gari lilikuwa la abiria, kwa hiyo viti vilipong'olewa viliacha matundu ya boliti sakafuni, na kuzunguka baadhi yake kulikuwa na kutu. Kutu hiyo ilisuguliwa kwa brashi ya waya na msasa hadi bati likang'aa, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha ndipo sakafu ikafunikwa. Matundu yenyewe sikuyaziba yote. Yale yaliyokaa mahali pazuri niliyatumia kufungia mabenchi, kwa sababu sehemu hizo ziliimarishwa kiwandani ili zishike viti vyenye watu, na hakuna skrubu ya kwenye bati jembamba itakayoshika kwa nguvu hiyo. Anayenunua Hiace ya abiria kwa ajili ya kazi hii asiharakishe kuyaziba matundu ya viti.

Jambo la pili ni uzito. Awamu ya kwanza nilitumia plaiwudi ya milimita 18 kila mahali kwa kudhani kwamba unene ndio uimara. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 ya unene huo hukaribia au hupita kilo 30, na mimi nilikuwa nimeweka nne. Sasa milimita 18 imebaki kwenye sehemu za kukalia tu. Milango ya makabati ni ya milimita 9, na mahali pengi ambapo zamani palikuwa na mlango sasa pana pazia dogo au wavu. Ubao wa unga wa mbao uliobanwa, ule ambao maduka ya fenicha huupenda kwa sababu unapokea rangi vizuri, siushauri hata kidogo kwa mtu wa pwani, kwani ukipata maji pembeni huvimba na hauwezi tena kurudi ulivyokuwa.

Sasa nije kwenye dari, sehemu ninayoipenda kuliko zote na ndiyo iliyonitesa zaidi. Dari ya gari lililoegeshwa juani saa saba mchana katika mji wa Tanga si kitu cha kuguswa kwa mkono. Chini ya bati niliweka karatasi ya alumini yenye viputo, lakini nilijifunza kwa kuchelewa kwamba karatasi ile haifanyi kazi yake ikiwa imegandishwa moja kwa moja kwenye bati, kwa kuwa huhitaji nafasi ya hewa ili irudishe joto. Ikigusana na bati joto hupita tu. Niliibandua, nikapigilia fito za mbao zenye unene wa sentimita 2 kukingama upana wa gari, na karatasi nikaitandaza juu ya fito hizo. Tofauti niliisikia kichwani siku ileile.

Chini ya karatasi hiyo nilitaka kitu cha kutazama nikiwa nimelala chali. Kitambaa cha dari kinachouzwa na mafundi wa magari ni cha kijivu na kinanuka gundi kwa wiki kadhaa. Nikakumbuka nyumba ya bibi, ambako mikeka mizee haikutupwa bali ilishonewa chini ya paa la makuti ili takataka zisidondokee kitandani. Nikaenda Pangani kwa mama mmoja msusi wa ukili, yaani ile mikanda ya majani iliyosukwa ambayo hushonwa pamoja kuwa mkeka, nikanunua mikeka miwili ya miyaa (majani yaliyochanwa) isiyotiwa rangi, yenye mstari mmoja tu wa zambarau ukingoni, nikarudi nyumbani na bastola ya pini nikaipigilia kwenye fito. Ilipendeza kwa siku nne. Siku ya tano ukili ulianza kuchanika kila ilipopita pini, kwa sababu pini hukata nyuzi za jani, na gari linapotikisika tundu dogo hurefuka. Nikamrudia yule mama nikiwa na kipande kilichochanika.

“Shikamoo mama. Mkeka wako umenishinda.”

“Marahaba mwanangu. Hebu nione.” Akakigeuza kile kipande, akapitisha ukucha kwenye yale matundu. “Hapa umepiga misumari. Mkeka haupigwi misumari baba, mkeka hushonwa. Sisi wenyewe twashona ukili kwa ukili, we waja kuutoboa katikati!”

Alinionyesha jinsi ya kuupitisha uzi baina ya mikanda miwili ya ukili, mahali ambapo tayari pana mshono, badala ya kutoboa jani lenyewe. Niliporudi nilitoboa fito kwa drili kila baada ya sentimita 15, nikatumia uzi mnene wa katani na sindano ya magunia, na nikaushona mkeka kwenye fito kama mtu anayeshona gunia la mkaa, mshono ukifuata mshono. Kazi hiyo ilichukua siku mbili za kulala chali huku mikono ikiwa juu. Kwenye mikunjo ya pembeni, ambako dari hujipinda kuingia ukutani, nilinyunyizia maji kidogo ili ukili ulainike na kukubali kupinda. Hapo nako nilikosea mara moja: nilifunga kila kitu mkeka ukiwa bado mbichi, na baada ya wiki nikaona ukungu wa kijani kwenye kona ya nyuma. Niliufungua upande huo, nikauanika kivulini siku mbili, nikausugua kwa brashi kavu na kuurudisha. Tangu hapo nimeacha upenyo wa kidole kimoja pembeni ili hewa ipite, na ukungu haujarudi.

Katani niliyotumia kwenye dari ilinipa wazo la kuiendeleza kwingine. Mtu wa Tanga hana haja ya kutafuta kamba za plastiki. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na mtaalamu wa Kijerumani Richard Hindorf, na hadi leo katani ni bidhaa ya nyumbani kwetu. Nimezungushia nguzo ya mkono iliyo mlangoni, ile ambayo abiria walikuwa wakiishika wanapopanda, kamba ya katani ya milimita 6 kutoka juu hadi chini. Inashikika vizuri hata mkono ukiwa na jasho, na imeficha rangi iliyobabuka kwa miaka ya mikono.

Madirishani nimeweka khanga. Wengi wameshafanya hivyo, lakini nimeona khanga nyingi zikikatwa ovyo hadi pindo linapotea na maneno yanakatika katikati, jambo ambalo kwangu ni kuiharibu khanga. Khanga ina pindo, ina mji (sehemu ya katikati) na ina jina (maneno yake), na mshonaji akiipimia dirisha lazima aamue mapema kipi kitaonekana. Khanga moja ina urefu wa takribani sentimita 150 na kimo cha sentimita 110 hivi, wakati dirisha la pembeni la Hiace halina kimo hata nusu ya hicho. Kwa hiyo sikuikata. Niliikunja kwa upana, sehemu ya juu ikarudi nyuma, na nikaipanga ili pindo la chini na maneno viangukie chini ya dirisha kabisa, mahali ambapo mtu aliyekaa kwenye benchi anaweza kuvisoma. Doti moja ilitosha madirisha mawili yanayotazamana, na kwa kuwa vipande viwili vya doti hufanana, kushoto na kulia vinalingana bila mimi kuhangaika. Maneno yaliyomo siyasemi hapa, maana mke wangu ndiye aliyeyachagua na mlengwa ni mimi.

Adui wa khanga ni jua. Pamba iliyopakwa rangi ikikaa kwenye kioo miezi michache hupauka upande wa nje, na kwa sababu hiyo nimeweka bitana nzito ya rangi ya bluu iliyoiva kati ya khanga na kioo. Bitana hiyo ina faida nyingine: usiku mtu aliye nje haoni taa wala vivuli vya walio ndani. Juu na chini pazia limeshikwa na waya wa chemchemi, ule unaotumika kwa mapazia ya madirisha madogo, kwa hiyo gari likikata kona pazia halipepei.

Rangi za ndani nilizichagua upya kwa kufikiria vumbi. Nusu ya chini ya kuta, mahali ambapo miguu, mabegi na mikono hugusa, ni kijani cha chupa. Nusu ya juu ni rangi ya maziwa, si nyeupe kabisa. Mpaka wa rangi hizo mbili nimeufunika kwa ubao mwembamba wa mninga niliouokota kama mabaki kwa seremala, nikaupiga msasa na kuupaka vanishi isiyong'aa sana. Ubao huo ndio unaoficha ukanda wa taa. Awali nilikuwa na taa nyeupe kali, na gari lilifanana na duka la dawa. Sasa ni taa za mwanga wa njano wa kelvini 2,700, zinazotazama juu, na mkeka wa darini huupokea mwanga huo na kuushusha kwa upole. Umeme wenyewe unatoka kwenye paneli ya wati 100 na betri ya risasi ya volti 12 yenye ampea-saa 100. Kimahesabu hizo ni wati-saa 1,200, ila betri ya aina hii haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo bajeti yangu ni 600, na taa, feni ndogo na simu hazijawahi kuimaliza kwa usiku mmoja. Fyuzi ipo karibu na betri. Mtungi wa gesi wa kilo 6 hukaa kwenye kisanduku chenye tundu sakafuni, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hushuka chini. Kupika napika nje.

Kitanda ni mabenchi mawili na chaga katikati. Kwa kuwa upana wa ndani hautoshi mtu wa kimo changu kulala kwa kukingama, tunalala kwa kufuata urefu wa gari. Godoro la sponji la inchi 4 nililikatisha vipande vitatu palepale dukani, na fundi wa makochi akavishonea foronya za kitambaa kigumu zenye zipu, zinazovuliwa na kufuliwa. Nilimwomba aweke utepe wa mkanda mgumu pembeni ili vipande visitengane usiku, na huo ndio ushauri pekee nilioupata mtandaoni ambao haujanidanganya. Chandarua hakining'inii juu ya kitanda. Kimeshikizwa kwenye mlango wa nyuma na wa pembeni kwa sumaku ndogo zilizo ndani ya upindo, hivyo milango inaachwa wazi na mbu wanabaki nje.

Droo sina tena. Vyombo ni vikombe vya bati na sufuria zinazoingiana, zimekaa ndani ya kikapu kilichofungwa kwa mpira, na nguo ziko kwenye mifuko ya turubai iliyoshonwa ukutani. Makabati mawili yaliyobaki yana komeo la kusukuma, si sumaku, kwa sababu sumaku ndiyo iliyoniangusha kwenye zile kona za kupanda kutoka Mombo.

Kazi iliyobaki ni mbele. Injini ya Hiace hii iko chini ya viti vya dereva na abiria wa mbele, na joto lake hupanda hadi kwenye nyonga baada ya saa mbili za safari. Nimepata zulia nene lenye alumini chini, nalo litawekwa mwezi ujao. Nje nimepaka rangi upya na mkanda wa rangi wa njia ya daladala umefunikwa. Fundi wa bodi alitaka pia kuziba kwa pati mabonde yaliyo pembeni mwa mlango, pale ambapo makonda walikuwa wakigonga bati kumwambia dereva asimame au aondoe gari. Nilimwambia ayapake rangi tu na kuyaacha yalivyo.