Kama Baba Asingaliugua

Madam alifuta ubao kabla hatujamaliza kunakili. Mfano uliokuwa pale ulitoka kitabuni: "If I were a bird, I would fly to London." Akasema anataka sentensi za watu wa Kigoma, akaanza upya na ziwa.

Ilikuwa mwaka 2004, nipo kidato cha tatu, na sentensi za masharti zilikuwa zimetushinda darasa zima. Sababu yake naiona vizuri zaidi sasa kuliko wakati ule. Kiswahili huweka alama ya sharti kwenye vitenzi vyote viwili: ningejua, ningekuja. Kwa hiyo mwanafunzi anayefikiri kwa Kiswahili huandika "would" pande zote, "If I would know, I would come," na haoni kasoro iko wapi, kwa sababu sikioni mwake sentensi imesimama sawasawa. Kiingereza hakiendi hivyo. Upande wa sharti kinarudisha kitenzi nyuma kwenye wakati uliopita, na "would" inabaki upande wa matokeo peke yake. Ukishaambiwa hivyo unaitikia, lakini kuitikia si kuelewa.

Madam aliandika: "If the moon is full, the fishermen stay at home." Hakuna mtoto wa Ujiji asiyelijua hilo. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa karabai. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima linang'aa, dagaa hawana haja ya kukusanyika chini ya taa, na wavuvi wanalala makwao. Hilo ni la siku zote, aina ya sifuri. Chini yake akaandika, "If it rains today, the dagaa will rot," jambo linaloweza kutokea jioni hiyo hiyo, aina ya kwanza. Kisha, "If I had a boat, I would not sell firewood," maneno ya mtu asiye na mtumbwi wala tamaa ya kuupata kesho, aina ya pili.

Kwa aina ya tatu akatupeleka bandarini, kwa maneno tu. Akatukumbusha Liemba, meli tuliyoizoea kuiona gatini. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 isije ikaangukia mikononi mwa adui, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua. Akaandika: "If the engineers had not greased the engines, they would have rusted."

Pale ndipo niliposhika. Grisi ilipakwa, mitambo haikuoza, na hakuna awezaye kurudi 1916 kupangusa grisi ile. Sentensi ilikuwa inasema jambo lililokwisha kwa kupitia lile ambalo halikutokea. Niliona ni kitu kikubwa sana lugha kuweza kufanya hivyo, na mpaka leo naona hivyo.

Kazi ya nyumbani ilikuwa sentensi moja tu ya aina ya tatu, kuhusu maisha ya mwandishi mwenyewe. Iwe ya kweli, alisema. Isiyo ya kweli hataisahihisha.

Kwetu hilo halikuwa dogo. Bibi yangu, Mmanyema wa Ujiji aliyetulea kwa sala tano, hakutaka kusikia mtu akisema "lau" juu ya jambo lililopita. Alikuwa na hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Huraira: likikusibu jambo usiseme lau ningalifanya hivi ingalikuwa hivi, bali sema Mungu amekadiria na alitakalo hufanya, kwani lau hufungua kazi ya shetani. Mjomba alipofiwa na mwanawe ziwani, watu walilia wanavyolia watu, lakini hakuna aliyethubutu kusema kama asingalikwenda usiku ule. Na mimi sasa nimepewa kazi ya kuandika lau kwa Kiingereza, na iwe ya kweli.

Ya kweli niliyokuwa nayo ilikuwa moja. Dada yangu alimaliza darasa la saba akafaulu, akachaguliwa kwenda sekondari. Mwaka ule ule baba akaanguka kitandani, pesa ya mawese ya mama ikaishia hospitali, na miezi michache baadaye tukamzika. Dada akashika dagaa. Zamu yangu ya kufaulu ilipofika, ada yangu ilitoka kwenye beseni lake. Nazungumzia enzi za kulipa ada; elimu bila ada kidato cha kwanza hadi cha nne ilianza 2016. Niliandika: "If my sister had gone to secondary school, I would not have gone." Madam alirudisha daftari bila mstari mwekundu hata mmoja. Chini alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, "Have you told her?"

Nilimkuta Dada ufukweni. Alikuwa ametandaza nyavu kuukuu juu ya mchanga na dagaa juu yake, anawageuza kwa kiganja, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Kila mara alimchukua mmoja, anamvunja katikati. Akisikia mlio mkavu anasogea, asipousikia anarudi kugeuza sehemu ile ile. Bibi alikuwa kivulini anachambua waliokwisha kukauka. Nikamwamkia, nikafungua daftari, nikasoma.

"Maana yake?" Dada akauliza.

"Dada angaliendelea na sekondari, mimi nisingaliendelea."

Hakuacha kugeuza. "Soma tena." Nikasoma tena. Ndipo akaniangalia. "Nani kakwambia? Mimi sikukuachia nafasi, na wewe hukuninyang'anya. Baba aliugua. Andika baba aliugua."

Miaka yote ile nilikuwa nikitembea na deni ambalo mwenye mali hanidai. Sarufi yangu ilikuwa safi, Madam ameipitisha, na Dada wa darasa la saba ndiye aliyeona kwamba sharti lenyewe silo. Nilikaa chini mchangani nikaandika upya, naye akinihimiza: "If our father had not fallen ill, we would both have gone to school." Nikamtafsiria. Akarudia "both" mpaka ikakaa mdomoni.

"Nyinyi," Bibi alisema. "Hayo maneno ya lau nimeyakataza."

"Bibi, hatulalamiki," Dada akajibu. "Mdogo wangu anasoma."

Bibi alikaa kimya kidogo. Maalimu wetu wa madrasa alikuwa akifundisha kwamba katazo lile ni la lau ya kuipinga kadari, si lau ya kujifunza, na nadhani Bibi alilikumbuka hilo. "Haya, kama ni la kusomea, someni. Msilale nalo."

Dada akaniuliza jambo ambalo bado laweza kutokea linasemwaje. Nikamwambia ile ya mvua. Akairudia, akaigeuza kama alivyogeuza dagaa wake, kisha akatunga yake pasipo msaada wangu: "If I get money, I will do QT." QT ni mtihani wa maarifa, mlango wa mtu ambaye hakupita sekondari: akiufaulu huo, anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sikujua kwamba Dada alikuwa akiujua. Alikuwa ameshauliza karo yake, ameshajua fomu zinachukuliwa wapi, ila hakuwa amemwambia mtu.

Madam aliposikia alitoa vitabu vyake mwenyewe vya kidato cha kwanza na cha pili, akanipa nipeleke. Usiku wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa hawajaingia ziwani na asubuhi hakuna dagaa wa kuanika, ndio ulikuwa usiku wetu wa kusoma.

Pesa ilichelewa. Aliolewa kwanza, akazaa, akahamia Mwanga, hapo hapo Kigoma mjini. QT aliifanya akiwa na mtoto wa pili, na kidato cha nne baadaye, akafaulu. Nilipomuuliza karatasi ya Kiingereza ilikuwaje, aliniambia kulikuwa na swali la kukamilisha sentensi za masharti, na hilo ndilo aliloanza nalo.