Kumbukumbu ya mradi: marathoni ya kwanza Lewa, kuwachangia vifaru

Februari

Mbio ni mwishoni mwa Juni, ndani ya hifadhi ya Lewa, kaskazini mwa Mlima Kenya. Zilianzishwa mwaka 2000 na shirika la Tusk pamoja na Lewa yenyewe, ambayo chimbuko lake ni kimbilio la vifaru lililofunguliwa 1983. Mchango unasaidia ulinzi wa wanyamapori na miradi ya jamii jirani, zikiwemo shule na afya.

Lengo ni Sh 150,000, bila kuhesabu ada ya kujiandikisha. Ada ni mzigo wa mkimbiaji. Mchangiaji akisikia elfu mbili zake zimelipia fulana, mwakani hapokei simu. Mgawanyo: watu 40 kwa Sh 2,000, watu watano kwa Sh 10,000, na Sh 20,000 kutoka ofisini. Pesa isipitie M-Pesa ya mkimbiaji hata kwa usiku mmoja. Iende moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika, jina la mkimbiaji likiandikwa penye nambari ya akaunti.

Orodha ya WhatsApp isitumwe tupu. Ndugu na marafiki wa karibu watoe kwanza, majina manane au kumi yaonekane, ndipo kundi kubwa liombwe. Anayefungua orodha huangalia waliomtangulia wametoa ngapi, kisha hutoa karibu na hapo. Yote haya yafanyike sasa: mwezi wa Mei, kilomita zikiwa nyingi, hakuna mwenye nguvu za kupigia watu simu jioni.

Machi

Siku nne kwa wiki: mbili za polepole, moja ya vilima, na Jumapili ya mbio ndefu. Mbio ndefu zinapanda kilomita 14, 16, 19, kisha zinashuka hadi 13 kabla ya kuendelea 22, 24, 27. Wiki ya kushuka isirukwe. Pumzi hukua upesi kuliko kano na mifupa, na ndiyo sababu maumivu ya muundi humpata mtu wakati hasa anapojiona amekuwa mwepesi.

Aprili

Mvua. Lami inatosha kwa mbio za katikati ya wiki, lakini Jumapili lazima iwe barabara ya udongo na changarawe, kwa sababu Lewa ni hivyo kote. Raba ziwe kubwa kwa nusu saizi, maana mguu huvimba na kwenye mteremko kidole hugonga mbele hadi kucha inakuwa nyeusi. Soksi za pamba hushika jasho, vumbi huganda humo, na malengelenge hufuata.

Mei

Mbio ndefu zimefika 30 na 32, na hapa ndipo chakula kinapoamua mambo. Kiwango ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, kuanzia dakika ya 40, kabla ya njaa. Jeli za wakimbiaji, zile pakiti ndogo za wanga, ni ghali. Tende tano ndogo hutoa gramu 30 hivi, ila zitolewe kokwa nyumbani. Kila kitakacholiwa siku ya mbio kijaribiwe sasa. Tumbo linalokimbia hupata damu kidogo, na kitu kigeni hulivuruga.

Maji matupu kwa wingi ni hatari kuliko wengi wanavyodhani: chumvi ya damu hushuka, kichwa huuma, mtu huchanganyikiwa. Kwa lita moja weka nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari, vyote vya kusawazishwa. Sukari hiyo haitoshi kwa nguvu, kwa hiyo tende zibaki.

Juni

Wiki tatu za kupunguza: asilimia 75 ya kilomita za kawaida, kisha 60, kisha 40. Kasi ibaki ileile, umbali tu ndio upungue. Siku ya mwisho kabla ya mbio, wali na chapati. Maharagwe na sukuma wiki zisubiri.

Lewa iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ikiwa nyepesi karibu kwa sehemu moja ya tano. Wa Nairobi hawana hofu na hilo, wako juu zaidi. Kinachowashinda ni jua na uhaba wa kivuli. Wa Mombasa ni kinyume.

Marathoni ni mizunguko miwili ya njia moja, na wa nusu marathoni humaliza baada ya wa kwanza. Kasi yao huvuta. Mpango ni dakika saba kwa kilomita, yaani saa nne na dakika 55, na vilima vitembewe tangu mzunguko wa kwanza. Askari wa hifadhi na helikopta ndio wanaowaangalia simba. Mkimbiaji aangalie saa yake.

Mafuta ya Vaseline mapajani, kwapani na kwenye chuchu. Walioahidi Sh 100 kwa kilomita, yaani Sh 4,220, wapigiwe Jumatatu ileile, kabla picha za medali hazijazama kwenye kundi.