Sare ya Kupamba

Dada yangu alipoolewa, nyumba yetu ya Kibokoni, Mombasa, nusura ivunjike kwa ajili ya leso. Mamdogo alikuwa ameshachagua sare ya upande wa mama kule Biashara Street: nyekundu, yenye korosho za manjano. Shangazi akaenda duka lile lile, akataka ile ile. Mamdogo akaghairi, akashika ya buluu. Shangazi akaifuata buluu. Nyekundu haikutakwa tena na mtu.

Nyanya alicheka tu. Enzi za lelemama, ngoma ya wanawake, alisema, vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilishindana vivyo hivyo: hawa wakitoka na hili leo, kesho wale wana lao kubwa zaidi.

Usiku wa kupamba, wa kumwonyesha bibi harusi kwa wanawake, ulipokaribia, pande zote mbili zilikuwa uani zikimenya vitunguu thomu. Yalianza mafumbo, yakaja matusi, mpaka mamdogo akashika mwiko na shangazi akajifunga leso kiunoni. Ndipo mmoja akauliza, "Na huyu je? Si ndiye apelekaye maneno?" Msichana wa kazi alikuwa ameinama kwenye karai, akiosha mchele. Kofi la kwanza lilikawia. La pili halikukawia.

Maneno gani? Leso zilinunuliwa mchana kweupe, mbele ya watu. Mfuko wake wa nguo ulitupwa nje kwa mlango wa nyuma, naye akaufuata. Uani kukatulia, tena kweli kweli. Chai ya tangawizi ikamiminwa, mamdogo na shangazi wakakumbatiana wakilia. Usiku wa kupamba wote walivaa buluu.

Miaka mingi baadaye nilimsoma Mfaransa René Girard, aliyetoa kitabu La Violence et le sacré (Ukatili na Utakatifu) mwaka 1972. Kwake yeye, kitu twakitamani kwa kuwa mwenzetu amekitamani. Kuigana kukizidi, watu hugombana hadi wakasahau wanachogombania, kisha wote humgeukia mmoja. Akishaondolewa amani hurudi, naye huonekana ndiye aliyeleta balaa na ndiye aliyeliondoa. Hapo, asema, ndipo zilipotoka kafara na miungu ya kale. Kwamba dini na mila zote zina chimbuko hilo moja, mimi bado sijashawishika. Mwenye jibu moja kwa kila jambo mimi humtilia shaka. Lakini aliandika pia juu ya Yusuf na nduguze, kwamba kisa kile kinasimama upande wa aliyeonewa, nami nikakumbuka tuliyosomeshwa katika chuo cha Kurani: kanzu yenye damu ya uongo, na baba asiyekubali kudanganywa. Uani kwetu siku ile hakukuwa na Yaakub.

Idi iliyopita nilimwuliza shangazi kama alikumbuka jina la yule msichana. Hakulikumbuka.

"Yule mfitini? Mungu amsamehe. Lakini kheri alikuja, maana ndiye aliyetupatanisha mimi na mamako mdogo."

Mamdogo alikuwa kando yake akikata embe. "Kweli," akaitikia. "Tena tumwombee."